Kazi za Mikono: Kujaza Ngozi ya Mnyama Bila Kuvunja Sheria

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo vijana wengi huiulizia, lakini ni wachache wawezao kuieleza. Ni kazi ya kuchukua ngozi ya mnyama au ndege aliyekufa, kuitia dawa isioze, na kuijaza hata mnyama yule akaonekana kama angali hai. Wazungu huiita taksidemi. Wakazi wa Manyatta, Kisumu, hawana haja ya kwenda mbali ili kuona mfano wake. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanajulikana sana kwa simba wake aliyemrukia nyumbu, naye nyumbu anajitahidi kujiokoa. Wanyama hao wawili hawana nyama wala damu, walakini mtoto akiwaona mara ya kwanza hurudi nyuma hatua mbili.

Kijana mwenye akili akisimama mahali pale hujiuliza, "Je, nami naweza kujifundisha kazi hii nyumbani kwangu?" Jibu langu ni kwamba anaweza. Vifaa vyake si ghali, na mafundi wakubwa kadhaa wa dunia walianza peke yao, bila ya shule. Lakini kuna jambo moja ambalo sharti lijulikane kabla ya kisu kuguswa, maana asiyelijua anaweza kupoteza mali yake na uhuru wake kwa ajili ya pambo la ukutani. Jambo hilo ni sheria, nami nitaanza nalo.

SHERIA INASEMAJE

Zamani, katika nchi ya Kenya, mtu mwenye leseni aliweza kuwinda na kutundika ukutani kichwa cha nyati au cha swala. Siku hizo zimekwisha. Mnamo mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yaliyouza ngozi na pembe zao. Mjini Nairobi kuna mtaa mkubwa uitwao Zimmerman. Wengi wakaao humo hawajui ya kuwa jina hilo lilitokana na Paul Zimmermann, fundi aliyekuwa na karakana ya kujaza wanyama mahali hapo, ambapo wawindaji kutoka Ulaya na Marekani walipeleka ngozi zao. Marufuku ilipokuja, biashara ile ilikwisha, likabaki jina tu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka mambo haya wazi zaidi. Neno nyara katika sheria hiyo halina maana ya pembe za ndovu na ngozi ya chui peke yake. Nyara ni sehemu yoyote ya mnyama wa porini inayoweza kudumu, yaani ngozi, mfupa, jino, ukucha, pembe, unyoya, na hata yai. Mtu akiwa na nyara bila kibali, au akitengeneza kitu kutokana na nyara bila kibali, ametenda kosa. Sheria hiyo ilipotungwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa kosa hilo, na adhabu kali zaidi kwa wanyama walio karibu kutoweka. Ingawa adhabu nyingine zimebadilishwa baadaye, mtu asidhani kwamba kosa limekuwa jepesi.

Basi hebu tufikiri juu ya mambo yanayoweza kumpata mkazi wa pwani ya Ziwa. Kiboko amekufa ufukoni karibu na Dunga, na meno yake ni mazuri. Mdiria amegonga waya akaanguka, na manyoya yake yanang'aa kama samawati. Kenge amekanyagwa na gari barabarani. Kijana anasema, "Mimi sikumwua, nimemwokota tu." Hilo si neno la kumwokoa. Sheria haiulizi tu ni nani aliyemwua mnyama, huuliza pia ni nani aliye naye. Njia iliyo salama ni kumwacha mahali alipo na kupeleka habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Wengi watakumbuka jinsi watu walivyokimbilia kufuga kware mnamo miaka ya 2013 na 2014. Hata kware wale wadogo hawakuruhusiwa kufugwa bila ya kibali cha shirika hilo. Ikiwa ndege wa kiasi kile ana sheria yake, je, chui atakosaje?

Tena kuna jambo la urithi. Katika nyumba nyingi za wazee huko Nyanza vilikuwako vitu vya heshima, kama ngao ya ngozi ngumu, kofia ya manyoya ya mbuni, au pambo la meno ya kiboko lililovaliwa siku za matanga na za sherehe. Mzee akifa, vitu hivyo hubaki darini, na vijana hawajui la kufanya. Wengine huviuza kwa mtu wa kwanza ajaye na fedha mkononi. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Kuuza ni kosa kubwa kuliko kusahau. Afadhali mkubwa wa jamaa aende mwenyewe katika ofisi ya KWS, aeleze kitu ni kipi na kimetoka wapi, na aulize habari ya kibali, kabla hajaja mtu kumwuliza yeye. Makumbusho nayo yana ujuzi wa kutunza vitu kama hivyo, na jina la mzee huweza kuandikwa chini yake likasomwa na wajukuu.

Msomaji atauliza, "Kama mambo ni hayo, kazi hii imebakiwa na nini?" Imebakiwa na mengi. Sheria ya wanyamapori haimhusu ng'ombe wako, mbuzi wako, wala kuku wako. Nao ndio waalimu walio bora, kama nitakavyoonyesha.

MAFUNDI WALIOTUTANGULIA

Watu wengi hudhani kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Sivyo. Mnamo mwaka 1826, katika mji wa Edinburgh huko Scotland, alikuwako mtu mweusi aliyeitwa John Edmonstone. Alikuwa mtumwa huko Guyana, akapata uhuru wake, naye alikuwa amejifunza kujaza ndege kwa Mwingereza mmoja aitwaye Charles Waterton. Kijana mmoja wa chuo alikwenda kwake kufundishwa, akamlipa guinea moja kwa somo la saa moja kila siku kwa muda wa miezi miwili. Kijana yule alikuwa Charles Darwin, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote kwa elimu ya viumbe. Alipozunguka dunia kwa meli na kukusanya ndege wa visiwani, alitumia maarifa ya kuhifadhi ngozi aliyofundishwa na yule mtu aliyekuwa mtumwa.

Mji wa Kisumu wenyewe umo katika habari hizi. Mwezi wa Desemba mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka garimoshi Kisumu akapanda meli kwenda Entebbe. Alikuwa katika safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama na ndege 512. Nawaomba wasomaji waangalie jambo moja katika safari ile ambalo husahauliwa. Katika mizigo yao walichukua tani nne za chumvi. Bunduki humwangusha mnyama mara moja, lakini pasipo chumvi ngozi huoza siku ile ile katika joto letu. Nao waliobeba chumvi ile, na wengi waliochuna ngozi na kuzisugua usiku kucha kambini, walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa.

Mkubwa wa mafundi wote alikuwa Carl Akeley wa Marekani. Alipokuwa mtoto shambani kwa baba yake aliazima kitabu kimoja, akajifundisha mwenyewe. Katika siku zake desturi ilikuwa kushona ngozi na kuishindilia majani makavu kama gunia, na mnyama akatoka amevimba pasipo umbo. Akeley aliiacha desturi hiyo. Alimpima mnyama kila kiungo, akafinyanga mwili wake kwa udongo, misuli na mishipa yote, akautolea kalibu ya plasta, akatengeneza mwili mwepesi wenye uwazi ndani, kisha akauvika ngozi. Ndovu wake wawili wanaopigana, ambao ngozi zao zilitoka Kenya, wangali wanatazamwa katika makumbusho ya Chicago. Katika safari zake alifuatana na Mkikuyu mmoja aliyemwita Bill, aliyeanza naye angali mtoto akawa msaidizi wake mkuu.

Lakini sikuandika habari za Akeley kwa sababu ya ndovu tu. Mwaka 1921 alikwenda katika milima ya Virunga huko Kongo kuwaua sokwe wakubwa wa milimani kwa ajili ya makumbusho. Akaifanya kazi ile, kisha moyo wake ukageuka. Aliona kwamba wanyama wale ni wachache, na kwamba wawindaji wengine wakija hawatabaki. Akamwendea Mfalme Albert wa Ubelgiji na kumsihi, na mwaka 1925 ikaanzishwa mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika, ambayo leo huitwa Virunga. Akeley alifia huko huko, katika mlima Mikeno, mwaka 1926. Mtu aliyejua kuliko wote jinsi ya kumfanya mnyama mfu aonekane hai ndiye aliyeomba walio hai waachwe waishi.

SOMO LA SIMBA WA TSAVO

Kuna habari nyingine ifaayo kwa mtu anayejifunza. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikwama kwa muda huko Tsavo mwaka 1898, kwa sababu simba wawili waliwala wafanyakazi. Msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, akawaua mwezi wa Desemba. Ngozi zao alizifanya mazulia, zikakanyagwa nyumbani kwake miaka mingi. Mwaka 1924 makumbusho ya Chicago yalizinunua kwa dola 5,000, na fundi akajaribu kuzijaza. Lakini ngozi iliyokatwa kingo ili iwe zulia hairudi kuwa simba mzima. Kwa hiyo simba wale wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa katika maisha yao, nao waliogopwa na nchi nzima.

Somo lake ni hili. Kosa linalofanywa siku ya kwanza wakati wa kuchuna halisahihishwi na fundi yeyote baadaye. Basi tuje kwenye kazi yenyewe.

ANZA NA MTETEA

Usianze na jogoo, maana upanga wake husinyaa ukikauka, na kichwa chake ni kikubwa kuliko shingo. Usianze na njiwa, maana ngozi yake ni nyembamba kama karatasi na manyoya hutoka ovyo. Anza na mtetea mzima, mwenye afya, aliyekusudiwa kuchinjwa kwa chakula. Nyama yake italiwa kama kawaida, kwa hiyo huna hasara.

Kwanza, mtazame akiwa hai. Kwa muda wa juma moja chukua karatasi na kalamu, uchore anavyosimama, anavyogeuza shingo, mahali miguu inapotokea mwilini. Kazi nyingi za wanafunzi huharibika kwa sababu mtu hakutazama. Humfuga kuku miaka kumi, lakini akiulizwa goti lake liko wapi, hajui.

Pili, akisha kuchinjwa, osha damu kwa maji baridi, maana maji ya moto huigandisha na huyalegeza manyoya. Ziba koo, pua na nyuma kwa pamba. Mwache mahali penye baridi kwa muda mfupi, damu itulie. Kisha mpime urefu kutoka shingoni hata mkiani, na unene wa kifua kwa uzi. Andika vipimo hivyo.

Tatu, mlaze chali, upasue ngozi peke yake kutoka kifuani hata karibu na nyuma. Usikate nyama. Weka kisu kando, utumie vidole kuitenga ngozi pole pole. Nyunyiza unga wa mahindi kila mara, maana unga hunywa maji na mafuta, na manyoya hayashikamani. Katika viungo vya magoti na mabega kata, ukiacha mifupa ya miguu na ya mabawa ndani ya ngozi. Mkiani acha kishina kinachoshika manyoya. Geuza ngozi kama soksi hata ufike kichwani, utoe macho, ulimi na ubongo, ukiacha fuvu na mdomo. Sasa mwili mpeleke jikoni upesi, nawe ubaki na ngozi.

Nne, kwangua mafuta yote. Mafuta yakibaki yataoza, au yatatoka baadaye na kuchafua manyoya. Osha ngozi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, uikamue kwa kitambaa, uikaushe kwa unga na kwa kuipepea. Kisha paka ndani yake boraksi, unga mweupe utumiwao na wafua dhahabu na kuuzwa katika maduka ya dawa. Usitie chombo chochote cha jikoni katika kazi hii, wala usiile nyama iliyoguswa na boraksi.

Tano, tengeneza mwili wa badala. Chukua nyasi kavu au maranda laini ya seremala, uyafunge kwa uzi, ukikaza na kulegeza, hata yawe sawa na vipimo ulivyoandika. Usiuzidishe hata kidogo, kwa kuwa ngozi hupungua ikikauka, na mwili mkubwa utapasua mshono. Pitisha waya usioshika kutu shingoni, mabawani na miguuni, zungusha pamba mahali pa nyama ya paja, kisha shindilia waya katika mwili ule. Katika matundu ya macho weka udongo laini na shanga mbili za kioo za rangi ifaayo.

Sita, shona kwa uzi mwembamba kuanzia kifuani, ukichoma sindano kutoka ndani kwenda nje ili manyoya yasiingie katika mshono. Msimamishe juu ya kipande cha mbao, upange manyoya moja moja kwa sindano ndefu, kisha mfunge kwa vipande vya karatasi na uzi ili yasinyanyuke. Mwache kivulini penye upepo kwa majuma mawili au matatu. Usimweke juani wala karibu na moto. Weka miguu ya meza katika makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, la sivyo sisimizi watakuwa wameimaliza kazi yako asubuhi.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hata Mei, hewa ya Kisumu huwa na unyevu na ukungu hushika upesi. Mwanafunzi afadhali aanze wakati wa kiangazi.

PEMBE ZA NG'OMBE

Atakaye pambo kubwa la ukutani asitafute pembe za swala. Pembe za ng'ombe wetu zikitengenezwa vizuri hazishindwi na nyingine kwa uzuri, na machinjioni hupatikana kwa bei ndogo. Omba zikatwe pamoja na kipande cha mfupa wa paji, ili zibaki pamoja kama zilivyoota. Zichemshe, au ziache ndani ya pipa la maji kwa majuma kadhaa, mpaka pembe ya nje ilegee na kutoka katika mfupa wake wa ndani. Harufu yake ni mbaya, kwa hiyo fanya hivyo mbali na nyumba za watu. Mfupa wa ndani uchemshe tena na kuusugua, uukaushe, kisha urudishe pembe mahali pake kwa plasta.

Kwa nje, kwangua pembe kwa kipande cha kioo kilichovunjika, halafu kwa msasa mkavu, halafu kwa msasa laini, na mwisho kwa kitambaa chenye majivu na mafuta kidogo. Utaona rangi ambazo hukuzijua: nyeupe, kahawia na nyeusi, zimechanganyika kama moshi. Funika paji kwa kipande cha ngozi, uzikaze kwa skrubu katika mbao. Maseremala na mafundi wa soko la Kibuye hawakosi vipande vya mbao vya kutosha kazi hiyo.

NGOZI YA MBUZI

Ngozi yenye nywele inataka chumvi, nayo inaitaka mapema. Mara tu ikisha kuchunwa na kukwanguliwa nyama, itandaze, uisugue chumvi nyingi upande wa nyama hata pembezoni, masikioni na miguuni. Ikunje, uiweke mahali penye mteremko ili maji yachuruzike. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, utie nyingine mpya, uikaushe kivulini. Ukitaka iwe laini, iloweke tena katika maji, kisha uipake mchanganyiko wa chumvi vipimo viwili na shabu kipimo kimoja, uikunje siku chache, uioshe, na inapokaribia kukauka uivute na kuikanda kwa mikono mpaka iwe nyeupe. Mtu mvivu hapa ndipo aachapo, na ngozi yake huwa ngumu kama ubao.

HATARI ZA KUKUMBUKA

Usichune mnyama aliyekufa kwa ugonjwa. Ng'ombe aliyekufa ghafula, mwenye damu puani au nyuma, huenda ana kimeta. Asifunguliwe hata kidogo, bali daktari wa mifugo aitwe. Kuku waliokufa kwa kideri wafukiwe, maana ngozi zao zitakwenda kuua kuku wa jirani.

Jihadhari pia na vitabu vya zamani. Tangu karne ya 18, Mfaransa aitwaye Bécoeur alipotengeneza sabuni yenye sumu ya aseniki, mafundi waliipaka katika ngozi ili wadudu wasizile, na desturi hiyo iliendelea muda mrefu katika karne ya 20. Sumu hiyo iliwadhuru mafundi wengi. Mtu akikuta kichwa cha mnyama cha siku za wakoloni katika nyumba aliyonunua au klabu anayofanya kazi, asikipige vumbi kwa mkono mtupu, wala watoto wasikichezee. Ni nyara kwa sheria, na huenda ni sumu kwa mwili.

FAIDA YAKE

Sitasema ya kuwa mtu atatajirika kwa kuku mmoja aliyejazwa. Lakini aliyejifunza kuitengeneza ngozi ana elimu yenye milango mingi. Katika shule zetu watoto husoma juu ya mbawa za ndege kutoka katika picha tu, na mwalimu mwenye kuku aliyejazwa vizuri na mifupa iliyopangwa ana somo lisilosahaulika. Mjini Kisumu penyewe, ngozi za mbuta zilizokuwa zikitupwa na viwanda vya samaki zimegeuzwa na mafundi kuwa viatu, mikoba na mikanda. Samaki yule aliingizwa katika Ziwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kwa muda mrefu ngozi yake ilikuwa takataka. Aliyeitazama kwa jicho la fundi ndiye aliyeiona mali. Nazo pembe za ng'ombe hufanywa vifungo, vijiko, vichana na vikombe, na wageni huzinunua pasipo kuogopa kukaguliwa uwanja wa ndege.

Walakini faida kubwa kuliko hizo ni macho. Mtu hawezi kujaza ngozi ya kiumbe asichokijua. Atakayemjaza mtetea mmoja vizuri hatawatazama tena ndege wa Ziwani kama alivyowatazama kwanza. Atamwona korongo akisimama kwa mguu mmoja majini, atajua uzito wake umeegemea wapi, na hatatamani kumpiga jiwe ili amweke sebuleni, maana atakuwa anajua ya kwamba kazi ya mikono yake, hata ikiwa njema namna gani, ni kivuli tu cha yule asimamaye pale.

Wahenga walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kuku wa kwanza atatoka na shingo iliyopinda, nao majirani watacheka. Mweke rafuni, uandike tarehe chini yake, uanze wa pili.